Kuhama Kampuni ya Intaneti ya Nyumbani: Kukata Si Kuhama

Intaneti niliyonayo nyumbani sasa ni nzuri, na nitaisifu mahali pake. Tathmini hii, hata hivyo, inahusu zaidi njia niliyopita hadi kuipata: siku kumi na moja bila huduma, simu kumi na tisa kwa kampuni mbili, na bili ya mwezi ambao sikutumia hata megabaiti moja. Kampuni zenyewe sitazitaja. Ya zamani nilikaa nayo zaidi ya miaka mitatu, na mpya ina miezi minne tangu iniunganishe, muda unaotosha kuizoea na kuziona kasoro zake.

Kilichonihamisha ni usiku. Kifurushi changu cha zamani kiliandikwa megabiti 100 kwa sekunde, na asubuhi nilizipata karibu zote. Kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku zilishuka hadi 11, na siku nyingine 8. Nilipima kwa wiki mbili mfululizo, kompyuta ikiwa imechomekwa kwa waya kwenye ruta, kwa sababu anayepima kwa waifai akiwa chumba cha mwisho anazipima kuta zake pamoja na kampuni. Kushuka kwa namna hiyo kuna maelezo yake. Katika mtandao wa faiba (nyuzi zinazopitisha data kwa mwanga) wa aina ya GPON, ulioenea sana majumbani, nyumba kadhaa, mara nyingi 32 au 64, hugawana uzi mmoja wenye uwezo wa takribani gigabiti 2.5 kwa sekunde za kushusha na 1.25 za kupandisha. Mbele ya hapo kila kampuni hujitafutia njia yake ya kutokea nje, na huinunua kwa hesabu kwamba wateja wote hawatatumia kwa wakati mmoja. Hesabu hiyo ni ya kawaida katika biashara hii, na haina ubaya mpaka kampuni inapoendelea kuongeza wateja juu ya njia ileile bila kuipanua. Kwamba tatizo langu lilikuwa sehemu hiyo ya pili nilikuja kulithibitisha baadaye, kwa kuwa kampuni mpya inapita kwenye uzi uleule na usiku haishuki. Nilipolalamika mara tatu, jibu lilikuwa lilelile: nizime ruta, nihesabu hadi thelathini, niiwashe. Sina ugomvi na kuzima ruta, kwani yapo matatizo yanayoondoka hivyo, lakini tatizo linalokuja saa moja na kuondoka saa nne kila siku halimo ndani ya ruta.

Kujiunga na kampuni ile ya zamani kulinichukua dakika tano kwenye tovuti yao. Kuondoka kuliwezekana kwa simu peke yake, tena saa za kazi, na simu yenyewe haikuishia kwa mtu wa kwanza. Mhudumu aliyenipokea alinieleza kwa adabu kwamba hana mamlaka ya kufunga akaunti, akanihamishia kitengo kingine ambacho, kama nilivyogundua baada ya dakika chache, kazi yake ni kumbakiza mteja anayetaka kwenda. Hapo nilipewa punguzo la miezi sita, kisha kifurushi kikubwa zaidi kwa malipo yaleyale, kisha swali lililoulizwa kwa sauti ya masikitiko kuhusu ni nini hasa kilichoniudhi. Nilieleza habari ya usiku. Nikaahidiwa kasi kubwa zaidi, yaani upana zaidi wa mlango kwa mtu anayelalamikia msongamano wa barabara.

Niliposisitiza, ndipo nikaambiwa kwamba mkataba wangu haujaisha. Nilikuwa na hakika kwamba miezi 24 ilipita zamani, na ilipita kweli. Ila mwaka uliotangulia nilikuwa nimepandisha kifurushi kwa kubofya mara moja katika programu yao ya simu, na mbofyo huo, kwa mujibu wa kifungu ambacho baadaye nilikikuta mwishoni mwa masharti, ulianzisha mkataba mpya wa miezi 12. Ilikuwa imebaki miezi miwili, na mteja anayeondoka kabla ya wakati hulipa miezi iliyobaki. Nilichagua kusubiri mwezi mmoja, kisha nitoe notisi ya siku 30 ili vyote viishe pamoja. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Uliofuata haukuwa, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nilipiga simu nikasema: naomba huduma yangu ikatwe tarehe fulani. Nilidhani nimesema ninahama. Katika kompyuta za watu hawa, kukata na kuhama ni maombi mawili tofauti yasiyofanana hata kidogo, na tofauti hiyo ndiyo iliyonigharimu siku kumi na moja. Nyaya zinazoingia nyumbani kwangu si mali ya kampuni ya zamani wala mpya. Ni za kampuni ya tatu yenye mtandao, ambayo hukodisha laini kwa wauzaji mbalimbali na haina mazungumzo na mteja wa kawaida. Ombi la kuhama humwendea mwenye mtandao likitoka kwa muuzaji mpya, nalo husema kwamba laini hii itoke mkono huu iingie mkono ule siku fulani. Ombi la kukata hutoka kwa muuzaji wa zamani, nalo husema kwamba laini hii izimwe. Laini ikishawekewa ombi la kuzimwa, ombi jingine lolote linalokuja juu yake hukataliwa na mfumo hadi lile la kwanza litimie, na baada ya kutimia laini huhesabiwa kama laini isiyo na mteja, ambayo lazima iombwe upya kwa fomu nyingine. Mhudumu aliyepokea notisi yangu angeweza kuniuliza swali moja tu, kama nina kampuni ninayohamia. Hakuuliza. Kampuni mpya nayo ilikuwa na kisanduku cha kutia alama katika fomu yake, ukurasa wa pili, kilichouliza kama nina huduma inayoendelea; nilikiacha wazi, kwa kuwa nilijua wazi kwamba siku watakayokuja sitakuwa na huduma inayoendelea.

Mkwamo huu si mpya, na mahali pengine umetungiwa kanuni. Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2018 inataka kampuni inayompokea mteja ndiyo iongoze shughuli ya kuhama, na huduma isikatike kwa zaidi ya siku moja ya kazi. Uingereza ilianza tarehe 12 Septemba 2024 utaratibu ambao mteja huzungumza na kampuni mpya peke yake, nayo ndiyo inayowasiliana na ya zamani na kufunga akaunti. Kanuni kama hizo zinakiri jambo ambalo mimi nililijifunza kwa taabu, kwamba mteja ndiye mtu asiyefaa kabisa kupewa kazi ya kupatanisha mifumo miwili asiyoiona.

Siku ya mwisho ilipofika, kampuni ya zamani ilikata huduma saa sita kamili usiku, na lazima nikiri kwamba hakuna jambo lingine walilolifanya kwa wakati namna hiyo. Asubuhi alikuja fundi wa kampuni mpya, kama nilivyoahidiwa. Alikuwa mtu makini. Alifungua kisanduku cha faiba ukutani, akachomoa kiungio cha kijani, akakifuta kwa kitambaa maalumu, akakichomeka kwenye kipimo chake cha mwanga. Kikasoma hasi 19 kwa kipimo cha dBm, ambacho kadiri kinavyozidi kuwa hasi ndivyo mwanga unavyofifia; ni kiwango kizuri kwa vifaa ambavyo huvumilia hadi karibu hasi 27. Taa nyekundu ya kupotea kwa mwanga haikuwaka. Taa ya PON, ambayo hutulia kifaa kinapotambuliwa na mtambo wa upande wa pili, ilikuwa ikipepesa bila kukoma. Fundi alipiga simu ofisini kwake, akasubiri, akanigeukia na kuniambia, "Mwanga upo, ruhusa haipo." Ombi lao kwa mwenye mtandao lilikuwa limekataliwa siku sita nyuma, na hakuna mtu aliyekuwa amenijulisha, wala yeye mwenyewe hakujulishwa. Alikusanya vifaa vyake, akaniachia ruta mpya ndani ya boksi lake, akaenda.

Kilichofuata kilikuwa danadana. Kampuni mpya ilisema laini imeshikiliwa na ya zamani, kwa hiyo nizungumze nao. Niliwapigia wa zamani, na mfumo wao wa simu ukanitaka niweke namba ya akaunti. Nilipoiweka, ukajibu kwamba akaunti hiyo haipo, kwa kuwa ilishafungwa, na bila akaunti simu haikuweza kumfikia binadamu. Nilitumia hila ya kuchagua kitengo cha mauzo, ambacho hupokea haraka sana. Kijana aliyenipokea alinihurumia kwa dhati, lakini alikuwa na uwezo wa jambo moja tu, nalo ni kuniunganisha upya kama mteja mpya kwa mkataba wa miezi 24. Nitakubali kwamba siku ya nne nililifikiria.

Wakati huo nyumba nzima ilikuwa ikiishi kwa simu yangu ya mkononi, iliyogeuzwa kuwa ruta ya muda. Kifurushi kikubwa cha data nilichonunua kwa ajili ya kazi kiliisha usiku wa kwanza, kwa sababu kompyuta iliiona simu kama waifai ya kawaida ya nyumbani, ikashusha masasisho yake yote iliyokuwa imeyalimbikiza. Mtu anayetarajia kuishi hivyo hata kwa siku mbili aingie kwanza kwenye mipangilio ya kompyuta na kuitia muunganisho huo alama ya data yenye kikomo, kisha azime uhifadhi wa picha mtandaoni katika kila simu iliyounganishwa. Kamera ya mlangoni haikurekodi chochote kwa siku zote hizo, na sikutambua hadi nilipohitaji kutazama.

Siku ya tisa nilimpata katika kampuni mpya kijana mmoja wa huduma kwa wateja ambaye hakuniomba nieleze historia. Aliniomba nitazame chini ya kisanduku cha faiba na kumsomea namba iliyo kwenye kibandiko. Nilikuwa sijawahi kuitambua. Namba hiyo ni ya laini yenyewe, na haibadiliki hata wauzaji wakibadilika. Akiwa nayo aligundua kwamba anwani yangu imeandikwa kwa namna tatu katika daftari tatu, moja ikiwa na herufi baada ya namba ya nyumba, nyingine ikiwa haina, na ya mwenye mtandao ikiwa na namba ya ghorofa peke yake, hivyo hata baada ya laini kuachiwa, ombi jipya lilikuwa likitafuta nyumba isiyokuwapo. Aliandika ombi upya kwa kutumia namba ya kibandiko. Siku mbili baadaye, saa tano asubuhi, taa ya PON ilitulia bila fundi yeyote kukanyaga mlangoni kwangu. Kazi yote ilikuwa ni ya kuandika.

Baada ya hapo ikaja awamu ya pili ya kuhama, ambayo makala za matangazo hazigusi kamwe. Ruta mpya niliipa jina lilelile la waifai na nywila ileile ya zamani, ili vifaa vyote viunganike vyenyewe. Hila hii ilifanya kazi kwa simu na kompyuta, ikashindwa kwa printa, ambayo hutumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake na haikuelewana na ruta inayoyachanganya 2.4 na 5 chini ya jina moja. Ilibidi niyatenganishe. Kisha nilipojaribu kasi nikapata megabiti 94, ilhali nilikuwa nimelipia 300. Nilikaribia kupiga simu ya ishirini, kabla sijatazama waya ulio kati ya ruta na kompyuta, niliourithi sikumbuki wapi: ndani ya kichwa chake ziligusa nyaya nne badala ya nane, na waya wa nyaya nne hauvuki megabiti 100 katika vifaa vya kawaida vya nyumbani. Nilipouweka wa nyaya nane nilisoma 288, mchana na usiku. Ninalitaja hili kwa sababu kwa miaka mitatu waya huo ulikuwa umetulia bila kosa, kwa kuwa kifurushi cha zamani hakikuwahi kuudai zaidi ya uwezo wake.

Jambo lililonikera zaidi katika huduma mpya ni anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha nyumba kwenye intaneti. Kampuni ya zamani ilinipa anwani ya hadharani, ya kwangu peke yangu na inayofikika kutoka nje. Mpya huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa kuwa anwani za mtindo wa zamani wa IPv4 ni takribani bilioni 4.3 duniani kote na karibu zote zimeshagawanywa. Anayetaka kujua kama yumo katika hali hiyo afungue ukurasa wa ruta na kutazama anwani iliyopewa upande wa nje: ikianzia 100.64 hadi 100.127, ni katika fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya matumizi hayohayo. Kwa kuangalia video na kusoma barua pepe tofauti haionekani, lakini kamera yangu, niliyokuwa nikiifungulia njia ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta ili niione nikiwa mbali, haikufikika tena. Nilipouliza, nilielezwa ukweli bila kuzungushwa, nikapewa uchaguzi wa kulipia anwani ya kudumu kila mwezi. Nimelipia, bila furaha. Tovuti yao haiandiki neno kuhusu jambo hili, na ingepaswa, kwa kuwa mteja anayefanya kazi akiwa nyumbani angeliuliza kabla ya kutia saini. Kwa upande mwingine, niliomba jina la mtumiaji, nywila ya PPPoE na namba ya VLAN, vitambulisho ambavyo ruta huvihitaji kuingia kwenye mtandao wa kampuni, ili niweze kutumia ruta yangu mwenyewe siku za usoni, nikatumiwa siku hiyohiyo. Kampuni ya zamani ilikuwa imenikatalia kwa miaka mitatu kana kwamba ni siri ya dola.

Barua pepe ni habari nyingine. Miaka mitatu nyuma nilipokea kwa furaha anwani ya bure yenye jina la kampuni ya zamani, nikaisajili benki, kwenye bima na kwingineko. Anwani hiyo huzimwa siku 60 baada ya akaunti kufungwa, na nimetumia sehemu kubwa ya siku hizo kukumbuka mahali nilipoiandika. Asiyehama bado aanze na hili leo. Mwenye simu ya mezani ana hatari inayofanana, kwa kuwa namba ikikatwa pamoja na laini huweza kupotea. Ihamishwe kwanza, ndipo mengine yafuate. Mimi sikuwa nayo.

Ruta ya zamani ilitakiwa irudishwe ndani ya siku 14, pamoja na chaja yake na waya wake, nami niliipiga picha kila upande, pamoja na namba ya utambulisho, kabla ya kuikabidhi na kuchukua risiti. Picha zilinisaidia wiki tatu baadaye, nilipotozwa gharama ya "kifaa kisichorudishwa" pamoja na bili ya mwezi mzima uliofuata kukatwa kwa huduma, zote zikichotwa moja kwa moja kwenye akaunti yangu ya benki, kwa kuwa sikuwa nimeifuta ile idhini ya malipo. Nilituma risiti, picha, na ile barua ya kuthibitisha tarehe ya kukatwa, ambayo nilikuwa nimeidai kwa maandishi siku ya notisi. Fedha zilirudi baada ya wiki tano, zikiwa pungufu ya siku tatu ambazo hadi leo hakuna aliyeweza kunieleza ni za nini. Kampuni mpya nayo ilinishtua kwa bili ya kwanza iliyokuwa karibu mara mbili ya kifurushi, ila hii ilikuwa halali: siku zilizobaki za mwezi ule, jumlisha mwezi mzima unaofuata uliolipwa mbele. Sentensi moja juu ya bili ingeniondolea mshtuko.

Kwa huduma yenyewe, kampuni mpya ninaipa alama nne kati ya tano, na ile moja nimeizuia kwa sababu ya anwani ya IP wanayoinyamazia. Kwa namna walivyonipokea ninawapa mbili, na zote mbili ni za fundi na kijana wa kibandiko. Ofisi iliyoliona ombi likikataliwa ikakaa kimya siku sita haistahili kitu. Kampuni ya zamani ninaipa moja kwa kuondoka kwangu, nayo ni kwa ajili ya kuandika barua ya uthibitisho ilipotakiwa.

Namba ya laini nimeinakili kwenye kipande cha karatasi nilichokibandika nyuma ya ruta, na chini yake nimeandika tarehe ya kuisha kwa mkataba huu mpya, pamoja na neno "kuhama", nikalipigia mstari.